Mbona Yule Hakuulizwa?

Mfanyakazi anapokabidhiwa barua ya kujieleza kwa kuchelewa kazini, mara nyingi habishi kwamba alichelewa. Daftari la mahudhurio lipo na saini yake ipo. Linalomkaa kooni ni jingine: mwenzake wa meza ya pili huingia saa tatu kila Jumatatu, wote wanamwona, na hajawahi kuulizwa. Wasimamizi wengi huyaita malalamiko ya namna hii wivu, wakamwambia mlalamikaji ashughulike na yake. Nashikilia kwamba mlalamikaji huyo ameligusa jambo zito kuliko hata huko kuchelewa. Kanuni ya kazi ikiwabana wengine na kuwaachia wengine haibaki kuwa kanuni tena. Inakuwa fimbo ya aliyeishika, na kila aliyemo ofisini hujifunza upesi kwamba kinachomlinda mtu si kazi yake, ni anayejuana naye. Sehemu kubwa ya upendeleo huo, tena, haitendeki kwenye kikao cha nidhamu, ambako kuna muhtasari na mashahidi. Hutendeka mapema zaidi, katika maneno yanayosemwa au kunyamaziwa kabla barua yoyote haijaandikwa.

Watafiti wa saikolojia ya kazi wamelishughulikia jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. John Stacy Adams, Mmarekani aliyefanya utafiti wake katika kampuni ya General Electric, alieleza miaka ya 1960 kwamba mtu haridhiki au kukasirika kwa kutazama malipo yake peke yake. Hutazama anachotoa na anachopata, kisha hujilinganisha na wenzake. Akijiona amepunjwa, hutafuta namna ya kurudisha usawa: atapunguza bidii, atadai, au atatafuta kazi kwingine. Mwaka 1990 mwenzake katika taaluma hiyo, Jerald Greenberg, alichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika viwanda vya kampuni moja huko Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa imepoteza kandarasi, ikapunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda viwili. Katika kiwanda kimoja uongozi uliwakusanya wafanyakazi, ukawaonyesha hesabu, ukajibu maswali na kuwapa pole. Katika cha pili walitangaziwa kwa ufupi, basi. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka kote kuwili, lakini ulipanda zaidi sana pale ambapo watu hawakuelezwa kitu. Makato yalikuwa yaleyale na shida nyumbani ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa ni kuelezwa sababu, na kuelezwa kama mtu mzima.

Nimeutaja uchunguzi huo kwa sababu unaivunja dhana iliyozoeleka, kwamba wafanyakazi hulalamika kwa kuwa hawataki kubanwa. Watu huvumilia kubanwa. Wauguzi hukesha zamu za usiku, madereva wa mabasi ya mikoani hukaguliwa njia nzima, makarani wa benki hawaruhusiwi kutoka kabla hesabu ya siku haijalingana, na wengi wao huyakubali masharti hayo kuwa sehemu ya kazi. Kinachowashinda ni kuona sharti lilelile likimpita mwenzao bila sababu inayotajwa. Mwaka 1983 Norbert Kerr, naye wa Marekani, alionyesha katika majaribio kwamba mtu anayefanya kazi ya pamoja hupunguza juhudi zake anapogundua kuwa mwenzake mwenye uwezo anamwachia mzigo makusudi. Neno zito hapo ni uwezo. Hakuna anayenung'unika kwa kumshikia zamu mgonjwa au mama aliyetoka kujifungua. Watu hugoma kimyakimya pale anayebebwa ni mzima wa afya na msimamizi anajua. Hapo ndipo mchapakazi naye huanza kutoka saa tisa na nusu, na meneja hubaki kushangaa ari ya timu imekwenda wapi.

Madhara yake hayaishii kwenye ari. Uingereza kuna utafiti mkubwa wa watumishi wa serikali wa London, unaojulikana kwa jina la Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 na kuwafuatilia zaidi ya watu 10,000 kwa miaka mingi. Mwaka 2005 watafiti wake walitangaza kwamba wanaume waliosema wanatendewa haki na wakuu wao wa kazi walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 30 kuliko wenzao, hata baada ya kuzingatia umri, cheo, uvutaji sigara na vihatarishi vingine. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba bosi mwenye upendeleo humuua mtu. Unatosha, hata hivyo, kumfanya mwajiri asilichukulie jambo hili kama soga za wakati wa chai.

Je, adhabu hutolewa kwa upendeleo kweli, au ni hisia za walioadhibiwa? Hapa ushahidi ni mwingi, na mzuri zaidi unatoka mahali ambapo rekodi hutunzwa. Wanauchumi Mark Egan, Gregor Matvos na Amit Seru walizipitia rekodi za washauri wa fedha waliosajiliwa Marekani kati ya 2005 na 2015, sekta ambayo makosa ya kila mshauri huandikwa hadharani. Waligundua kwamba baada ya kosa, mwanamke alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupoteza kazi kwa asilimia 20 kuliko mwanamume, na uwezekano mdogo kwa asilimia 30 wa kupata kazi nyingine. Wala si kwamba wanawake walikosea vibaya zaidi, kwani makosa ya wanaume yalikuwa mengi na yaliwagharimu waajiri fedha nyingi zaidi. Pengo hilo lilikuwa pana katika makampuni yasiyo na wanawake kwenye uongozi, na karibu halikuonekana pale ambapo uongozi uligawanyika sawa. Msamaha, kumbe, huelekea kwa yule anayefanana na mwenye kuutoa.

Uingereza pia ina mfano unaogusa familia nyingi za Afrika Mashariki, maana jamaa zetu wengi wanauguza na kutibu huko. Shirika la afya la taifa, NHS, lilianza kuchapisha takwimu za usawa wa rangi miongoni mwa wafanyakazi wake kuanzia 2015. Mwaka 2016 ilionekana kwamba wafanyakazi wasio Wazungu walikuwa na uwezekano mara 1.56 zaidi wa kuingizwa katika mchakato rasmi wa nidhamu kuliko Wazungu. Swali lililofuata lilikuwa kwa nini. Jibu zuri kuliko yote nililolisoma liko katika ripoti iliyoandikwa na Roger Kline na Doyin Atewologun mwaka 2019 kwa baraza linalosimamia madaktari nchini humo. Waliwauliza watu wengi kwa nini madaktari wa asili za wachache hupelekwa na waajiri wao mbele ya baraza mara mbili zaidi ya wenzao. Hawakukuta njama. Walichokikuta ni kwamba wakuu wengi huona uzito kumkosoa ana kwa ana mtu wasiyemzoea. Daktari anayefanana nao akiteleza, huvutwa pembeni, huambiwa ukweli wenye uchungu kidogo, hujirekebisha, na jambo huishia hapo. Daktari wa kuja akiteleza hivyohivyo, hakuna anayemwambia kitu. Kosa dogo hurudiwa, hukua, na siku linapofumuka huwa limeshakuwa la kuandikiwa barua.

Maelezo hayo yanabadilisha namna ya kulitazama tatizo lenyewe. Tumezoea kudhani kwamba anayeonewa ni yule anayekemewa kila mara. Mara nyingi anayeonewa ni yule asiyeambiwa chochote mpaka siku ya kufukuzwa. Sehemu zetu za kazi, mipaka ya ukaribu haifuati rangi sana. Hufuata ukoo, kabila, dini, shule mliyosoma, chama, na wakati mwingine meza mnayokaa pamoja mchana. Msimamizi aliyelelewa mtaa mmoja na fundi wake atamwambia kwa simu usiku, "Kaka, kesho usichelewe, mkurugenzi anapita." Fundi mwingine, aliyeajiriwa kwa tangazo na asiye na mtu, hapati simu hiyo. Kesho yake mkurugenzi anapita, anamkuta huyo wa pili hayupo, na barua inaandikwa kwa haki kabisa: alichelewa, kanuni anaijua, saini yake haipo. Ukiisoma barua peke yake hutaona dosari. Dosari iko kwenye simu ambayo hakupigiwa, na simu haina jalada.

Sheria zetu zinalijua jambo hili zaidi ya wengi wetu tunavyofikiri. Tanzania, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinaorodhesha katika kanuni ya 12 mambo ambayo mwamuzi atayapima: je, kanuni ya kazi ilivunjwa, je, ni kanuni ya maana na iliyo wazi, je, mfanyakazi aliijua, je, kufukuzwa ni adhabu inayostahili. Katikati ya orodha hiyo kuna swali la mfanyakazi wetu, limevikwa lugha ya sheria: je, mwajiri amekuwa akiitumia kanuni hiyo bila kubadilika-badilika? Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaiagiza mahakama izingatie, pamoja na mengine, namna mwajiri alivyoyashughulikia huko nyuma matukio ya aina ileile. Kifungu cha 41 kinampa anayetuhumiwa haki ya kusikilizwa akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na Katiba ya 2010, katika Ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Kwa hiyo msimamizi anayejibu "Ya mwenzako hayakuhusu" anakosea hata kisheria. Yanamhusu. Ya mwenzake ni sehemu ya ushahidi.

Tatizo ni kwamba sheria huja imechelewa. Inamfikia mtu akishafukuzwa, na si wote inaowafikia. Tanzania, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na anayeilalamikia hatua hiyo ana siku 30 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vibarua wanaolipwa kwa siku, wahudumu wa migahawa wasio na mkataba wa maandishi na wasaidizi wa nyumbani huipata haki hiyo kwa nadra, ingawa ndio wanaofukuzwa kwa neno moja. Hata aliyeajiriwa rasmi hukwama kwenye ushahidi. Atathibitishaje kwamba mwenzake alisamehewa, ilhali msamaha haukuandikwa popote? Waajiri wengi hutunza onyo lakini hawatunzi ruhusa. Mafaili yao yamejaa barua za walioadhibiwa, hayana hata mstari mmoja kuhusu walioachwa, na hivyo upendeleo hujifuta wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawapa wakosaji mlango wa kutokea. Aliyeiba atasema, mbona fulani aliiba akasamehewa, na kampuni italazimika kumsamehe kila mwizi kwa sababu iliwahi kumsamehe mmoja. Pingamizi hili lina uzito, na siamini kwamba kosa la mwingine linalifuta lako. Udhaifu wa jana haumfungi mwajiri milele. Anachotakiwa ni kutangaza kwanza: kuanzia tarehe fulani, upungufu wowote wa fedha utachukuliwa hatua, awe nani. Baada ya hapo hakuna wa kujitetea kwa ya zamani. Kinachokataliwa ni kuikaza kanuni siku aliponaswa mtu usiyempenda, kisha kuilegeza tena wiki inayofuata.

Wengine watasema kwamba watu hawafanani, na usawa wa kijinga nao ni dhuluma. Aliyetumika miaka 15 bila doa na akakiri kosa, je, apewe adhabu sawa na mgeni aliyekosea mara ya tatu na kudanganya? La hasha. Hakimu mwenyewe hutazama mazingira, na msimamizi anayetumia busara anafanya kazi yake. Lakini busara huweza kusemwa kwa sauti. Miaka 15 bila doa ni sababu inayoandikika katika barua na kusomwa mbele ya wote, na kesho mwingine mwenye rekodi kama hiyo ataidai. "Ni mtoto wa dada yake mwenyekiti" haiandikiki. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kila msimamizi akitumie: tofauti yoyote anayoifanya kati ya watu wawili, aitaje sababu yake kwa maandishi. Akiona mkono unasita kuandika, ajue anapendelea.

Kuna utetezi mwingine ambao husemwa kwa minong'ono, kwamba kuna watu hawagusiki kwa sababu ndio wanaoleta fedha. Muuzaji anayefunga mikataba mikubwa huwatukana wahasibu, daktari bingwa huwadhalilisha wauguzi, mhadhiri mwenye jina haingii darasani, na uongozi hufumba macho kwa hesabu kwamba faida yake inazidi usumbufu wake. Hesabu hiyo huacha nje gharama zisizoandikwa kwa jina lake: karani aliyeacha kazi, muuguzi aliyeona kipimo cha dawa kimekosewa akaogopa kusema, wanafunzi waliofundishwa na msaidizi asiyelipwa ziada. Na kuhusu undugu, ambao wengi hutetea kwa kusema kwamba kwetu mtu hawezi kumtupa wake, sina ugomvi na kumsaidia ndugu. Anayemtafutia mpwa wake kazi kwa njia halali, akamwambia wazi kwamba hapo kazini atakuwa mfanyakazi kama wengine, amemsaidia. Anayemwingiza kisha akamkinga na kila swali amemharibia mpwa huyo, na gharama amewabebesha watu wasio ndugu zake bila kuwauliza.

Upendeleo mbaya kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa juu na chini. Fedha zikipotea dukani, keshia hukatwa mshahara siku hiyohiyo, hali meneja aliyeamua duka zima litumie nywila moja ya kompyuta haulizwi. Mgonjwa akidhurika, muuguzi wa zamu husimamishwa, ilhali aliyepanga muuguzi mmoja kwa wodi nzima huongoza kamati ya uchunguzi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wataalamu wa usalama wa ndege walilitafutia hili swali moja rahisi, lililopendekezwa na Neil Johnston mwaka 1995: ukimtoa aliyekosea ukamweka mwingine mwenye ujuzi na sifa kama zake, katika mazingira yaleyale, je, naye asingekosea? Ikiwa wenzake wenyewe wanasema hata wao wangekosea, basi kumwadhibu mmoja hakuzuii kosa lijalo. Kunamlinda tu aliyeyapanga mazingira.

Hali hii hurekebishika, na mfano wa NHS unaonyesha hivyo. Ile tofauti ya mara 1.56 ya mwaka 2016 ilikuwa imeshuka hadi 1.16 kufikia 2020. Haikuondoka, na hatua za aina nyingi zilichukuliwa kwa pamoja, lakini mbili zinaigika hata katika ofisi ya watu kumi. Ya kwanza ni kuhesabu na kutangaza. Hospitali zililazimika kuonyesha kila mwaka ni akina nani wanaoingizwa kwenye nidhamu, bila kutaja majina. Hapa inajibiwa pia hofu ya siri za watumishi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinamzuia mwajiri kuanika faili la mtu. Hazimzuii kusema kwamba mwaka huu walichelewa watu kadhaa, wangapi waliandikiwa na wangapi walisemeshwa tu. Ya pili ni kwamba, katika baadhi ya hospitali, jalada lilipelekwa kwanza kwa mtu wa pili, asiye mkuu wa idara hiyo, aulize kama kosa hili linahitaji mchakato rasmi au mazungumzo yangetosha, na kama mtu mwingine angefikishwa hapa.

Mfanyakazi naye ana lake la kufanya kabla mambo hayajaharibika. Aombe kanuni za kazi kwa maandishi, asiridhike na "utazijua tu". Akipewa barua, ajibu kosa lake kwanza kwa ukweli, maana anayeanza na ya mwenzake huonekana mkwepaji. Kisha aulize kwa adabu ni hatua gani zimekuwa zikichukuliwa kwa kosa la aina hiyo, na aandike tarehe aliyouliza na jibu alilopewa. Asipekue mafaili ya watu, na asiingie kwenye kikao peke yake ikiwa kuna mwakilishi wa chama. Na akijikuta yeye ndiye anayebebwa, akipigiwa simu ambazo wengine hawapigiwi, amwambie jirani yake wa meza kuna ukaguzi kesho. Wewe uliye na mamlaka ya kusaini barua ya onyo wiki hii, fungua kwanza jalada la mwaka jana uone aliyetenda kosa hilohilo alipewa nini. Kama hakupewa chochote, andika sababu ya tofauti hiyo na uisaini kwa jina lako, au iache barua hiyo mezani mpaka wote watakapokuwa wametangaziwa.